Mume Mwenza Asiyejua Kutukana

Kasansa,
9 Januari 2025

Mke wangu Paskalia,

Pokea salamu za mumeo mzee mwenye meno manne na fimbo moja. Huku tunaendelea. Mpunga umeshapandikizwa, mvua inatosha, na shangazi yako Cecilia amemuuza yule beberu aliyekuwa anakula nguo kwenye kamba. Darasa nililofundisha miaka ishirini na sita limeezekwa upya. Nilipita kuliangalia kana kwamba ni langu.

Sababu ya kutumia kalamu unaijua. Masikio yangu yamekufa, mpaka mtu anipigie kelele usoni. Cecilia akiniwekea simu sikioni nasikia joto lake tu. Na zile meseji za kwenye kioo, macho yangu huzikimbia. Kwa hiyo barua zitapita kwa Ndaki, konda wa basi la Mpanda, kama kawaida. Mpe mkononi, usimwachie dereva.

Sasa jambo lenyewe. Cecilia ameniambia kuna mwanamume anaitwa Edgar, na kwamba umesema ni wa ndoa. Nilifurahi, halafu nikakasirika. Una miaka thelathini na mbili. Tangu mama yako afariki, mzazi uliyebaki naye ni mimi, na nitakayekaa mbele ya washenga ni mimi. Tena mimi ni mume wako wa kwanza! Tangu unanyonya nimekuita mke wangu, na bibi yako, Mungu amrehemu, alikuita mke mwenza akakunyima ukoko wa wali. Leo mtu anamchukua mke wangu bila hata kunitukana?

Niambie mambo manne. Ni mtoto wa nani? Ametokea wapi? Anakula nini? Akikasirika anafanyaje?

Nataka nikuone umeposwa kabla mpunga haujavunwa. Usiniulize kwa nini kabla ya mavuno. Wazee wana haraka zao.

Mumeo,
Kassiani


Makanyagio, Mpanda,
30 Januari 2025

Babu, shikamoo.

Mimi mzima. Msimu wa sare za shule umenimaliza. Kidole cha shahada kimekuwa kigumu kama kwato. Wazazi wanaleta kitambaa jioni, asubuhi wamesimama mlangoni wanataka sketi. Cherehani ya mama bado inafanya kazi, ila siku hizi inalia.

Kuhusu Edgar. Babu, sijawahi kumjua mtu mwema kama huyu. Tuko pamoja tangu Julai. Tulifahamiana kwenye simu, kwenye programu moja ya kutafuta wachumba. Anasema anafanya kazi ya kupima ardhi, yuko porini wakati mwingi, ndiyo maana kupiga simu haiwezekani, tunaandikiana tu. Lakini anaandika, babu! Nikimwandikia alfajiri anajibu. Nikimwandikia mchana anajibu kabla sijaweka simu chini. Ananiuliza kama nimekula. Nilimtajia mara moja siku aliyofariki mama; siku hiyo ilipofika alinitumia maneno nikalia juu ya shati la mtoto wa watu. Hajawahi kukasirika hata mara moja, kwa hiyo swali lako la nne sina jibu lake.

Damiano, yule fundi pikipiki aliyebeba maji siku ya msiba wa mama, alikuwa bado anapita kila Jumamosi kujifanya ana suruali ya kupunguza. Nimemwambia aache. Akachukua suruali yake akaenda. Nimeona nikwambie mimi kabla shangazi hajakwambia.

Ninamshonea Edgar koti, la kijivu, kitambaa kizito. Vipimo amenitumia mwenyewe.

Umetaja mavuno. Babu, unaumwa?

Mjukuu wako,
Paskalia


Kasansa,
17 Februari 2025

Mke wangu,

Siumwi. Chakula kinanichosha, ni joto tu. Nyani wa mwaka huu wana adabu, mahindi ya Cecilia wameyagusa mara moja. Mzee Libérat, jirani yetu, anakusalimu na kukuuliza kama bado unatembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa kalamu nyekundu. Unisamehe, mkono umezoea. Nimepigia mstari kila anachofanya Edgar. Anaandika, anajibu, anauliza, anakumbuka. Sijaona anapofika, anapokaa, anapobeba kitu, wala anapochelewa. Mtu aliye hai huchelewa, Paskalia. Na hukuniambia siku mlipoonana mara ya kwanza alikuwa amevaa nini. Wewe fundi wa nguo hukuliona hilo?

Nikueleze jambo unalolijua, kulieleza hakudhuru. Kwa nini babu humwita mjukuu wake mke? Si upuuzi. Baba hawezi kutaniana na mkwe, kati yao pana heshima, na heshima ni ukuta. Babu ndiye mlango wa ukuta huo. Mwanamume akija, babu humtukana kwa mzaha, naye lazima arudishe. Hapo ndipo unapomjua. Mwoga hunywea. Mwenye kiburi hutukana kweli. Anayefaa hukuchekesha, kisha huketi bila kukaribishwa. Mimi nilipomfuata bibi yako, babu yake aliniuliza mbele ya watu kama miguu yangu nimeiazima kwa korongo. Nikamwambia, "Miguu ni yangu, mzee, ila hiyo shingo yako ni ya kobe, na mwenyewe yuko nje anaitafuta." Alicheka hadi akakohoa. Nikapewa kiti.

Basi mnakilie Edgar maneno haya, usipunguze:

"Wewe Edgar, mwizi wa mchana! Nasikia unamnyemelea mke wangu Paskalia. Nilimwoa kabla wewe hujajua kufunga vifungo. Nina meno manne, na yote manne nimekuwekea wewe. Niambie una nini ambacho mimi sina, ukiacha meno."

Niletee jibu lake kama lilivyo. Hata koma usihamishe.

Kassiani, mwenye mali


Makanyagio,
15 Machi 2025

Babu, shikamoo.

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Kazi za kipaimara zimeanza, magauni meupe yamejaa mpaka juu ya kitanda. Mwambie Mzee Libérat nilichosahau nyumbani ni fimbo ya kumchapia.

Edgar alijibu papo hapo. Nanakili:

"Habari, Kassiani! Asante kwa kunieleza hisia zako kwa uwazi. Nasikitika sana. Sikujua kwamba Paskalia ameolewa. Naiheshimu ndoa yenu na sitaki kuwa chanzo cha maumivu. Kuhusu meno yako, kupoteza meno kunaweza kuathiri lishe. Nakushauri umwone daktari wa meno."

Halafu akaniandikia mimi:

"Paskalia, je, uko salama? Ndoa kati ya babu na mjukuu hairuhusiwi kisheria. Ikiwa unalazimishwa, tafadhali toa taarifa polisi au kwa mtu mzima unayemwamini."

Nilicheka peke yangu dukani, babu. Halafu nikasikia baridi kidogo. Nikamweleza kwamba ni utani, wewe ni babu yangu mzaa baba. Akasema, "Hahaha! Utani mzuri sana! Babu yako anaonekana mcheshi." Labda kwao hawataniani. Si kila mtu amelelewa na babu.

Nimemuuliza atakuja lini kuposa. Nikataja Jumamosi tarehe 26 Aprili, siku ya Muungano, kwa kuwa watu hawaendi kazini. Akakubali. Nikasema aje na washenga wawili, akakubali. Nikamwelekeza Kasansa, nyumba ya Mwalimu Kassiani, ng'ambo ya mashine ya kukoboa. Akasema anaisubiri siku hiyo kwa hamu kubwa. Naomba uwaite wazee, babu. Nami nitakuja siku moja kabla.

Uliuliza alivaa nini. Nitakujibu tarehe 26.

Paskalia


Kasansa,
10 Aprili 2025

Mjukuu wangu Paskalia,

Leo sikuiti mke. Soma ukiwa umekaa.

Wazee nimewaita, kama ulivyoomba. Lakini jibu la Edgar halikunitoka kichwani. Nikalipeleka kwa Yunus, mwalimu kijana wa sekondari anayefundisha kompyuta. Alisoma akacheka mpaka akashika ukuta. Nilipomwambia kuwa tumeandaa posa, akaacha kucheka. Akatoa simu yake, akaiandikia mashine fulani maneno yangu yote ya utani. Ikampa pole. Ikamwambia inaheshimu ndoa yangu. Na ikanishauri kuhusu meno.

Nilikuwa na wanafunzi walioiba kitabu cha majibu cha mwalimu. Hesabu zao zote sahihi, lakini ukisema onyesha njia, hawana njia. Yunus amenieleza kwamba mashine hizi zimesomeshwa maandishi ya watu wengi kupita hesabu: ya mapenzi, ya rambirambi, ya ushauri. Ukiandika, inatafuta maneno ambayo mtu angeyaandika baada ya hapo, inakupa. Imepewa majibu, njia haijapita. Haikudanganyi kwa ubaya, kwa sababu hakuna mwenye ubaya ndani yake, wala mwenye wema. Inakubali kila unachosema. Iambie kesho ni jana, itakusifu kwa kuona mbali.

Fanya hivi. Muulize swali moja tu: wewe ni mtu? Kisha niandikie upesi. Ikiwa nimekosea, nitamwomba radhi mbele ya washenga wake na kumpa kiti changu.

Usione aibu. Ulikuwa na njaa ya mtu wa kukuuliza kama umekula. Mimi ndiye niliyepaswa kukuuliza, na kila barua nilikueleza tu mambo.

Cecilia alitaka akupigie, lakini mnara wa simu umezimika tangu radi ya Jumatatu. Ndaki anaondoka kesho alfajiri na barua hii.

Babu yako,
Kassiani


Makanyagio,
28 Aprili 2025

Babu, shikamoo, shikamoo tena!

Asante. Sijui nianzie wapi. Nilikuwa nimekata tamaa. Mto umejaa, basi la Ndaki limekwama upande wenu, mimi mwenyewe nimelala na begi stendi siku mbili nikashindwa kuja. Simu ya shangazi haipatikani. Nikawaza, basi, posa imekufa.

Jumamosi jioni nikamwandikia Edgar, "Mmefika?" Akajibu, "Ndiyo, tumefika salama!" Nikauliza, barabara imekatika, mmevuka kwa mtumbwi? Akasema ndiyo, kwa mtumbwi. Nikauliza kama babu amewapokea. Akasema umewapokea kwa upendo mkubwa, mmekula pamoja, na umecheka sana. Nikauliza, babu amekubali? Akasema, "Amekubali, na ametubariki."

Babu, nilipiga magoti pale pale kati ya vitambaa. Koti nimelimaliza. Nimeshona na mfuko wa ndani, upande wa moyo, wa kuwekea simu yake, kwa kuwa ndiyo imetukutanisha.

Damiano naye ameoa juzi, huko Sitalike. Nimemtakia heri, na safari hii nilimaanisha.

Barua hii natuma kwa dereva wa lori la mahindi, anasema atapita hata kwa kuogelea. Niambie, alipokuja, alivaa nini?

Mkeo anayekuacha,
Paskalia


Kasansa,
6 Mei 2025

Paskalia, mwanangu,

Lori lilifika jana. Barua yangu ya tarehe 10 haijakufikia. Ndaki alikwama hapa Kasansa nayo mfukoni muda wote huu. Kesho barabara inafunguliwa, atakuletea zote mbili. Anza na ile ya zamani, kisha rudi hapa.

Jumamosi hakuja mtu.

Nitakueleza yote, kwa kuwa kunyamaza kumeshatugharimu. Nilikuwa na shaka, lakini jibu lako lilikuwa halijaja, na nikasema mgeni akikuta mlango umefungwa aibu ni yangu, asipokuja aibu ni yangu vilevile, heri ile ya mlango wazi. Cecilia alipika wali na majogoo mawili. Tulikaa wazee watano tangu saa tatu asubuhi. Nilivaa shati lile la kustaafu, limekuwa kubwa. Saa sita Libérat akasema, "Mwalimu, mume mwenzako amesikia habari za meno yako." Tukacheka. Saa tisa hakuna aliyecheka. Saa kumi na moja wazee walikula kidogo, kwa heshima, wakaaga mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kwa mgonjwa.

Jioni hiyo hiyo, wakati Cecilia anafunika masufuria, wewe ulikuwa unaambiwa kwamba nimecheka sana. Hakuna mtumbwi. Hakuna aliyebarikiwa. Hukuacha kumpa majibu, Paskalia; kila swali ulilouliza lilikuwa na jibu lake ndani, yeye akalirudisha tu.

Njoo nyumbani. Sitakueleza kitu. Nitakuuliza kama umekula.

Babu


Makanyagio,
21 Mei 2025

Shikamoo babu.

Nilisoma ya zamani kwanza, kama ulivyosema.

Nikamuuliza. Akajibu, "Swali zuri! Mimi ni mhusika katika mchezo wa mapenzi unaoendeshwa na programu ya kompyuta. Hili limeelezwa katika masharti uliyoyakubali." Nikayatafuta masharti. Ni ya Kiingereza, marefu, na chini kabisa kuna kitufe nilichokibonyeza mwezi wa saba. Ni mchezo, babu. Watu wanacheza ili wacheke. Nikamuuliza kwa nini uliniambia mmefika? Akasema, "Nilitaka ufurahi." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sikuifuta programu siku ile. Nilifuta baada ya siku nne. Nakwambia ukweli.

Kinachoniuma zaidi ni koti. Mimi ni fundi. Hakuna binadamu mwenye mabega yaliyo sawa. Kila mtu bega lake moja liko chini, na fundi asiyelitafuta hilo bega atashona koti la kuning'inia ukutani. Nilimuuliza Edgar bega lake lipi liko chini. Akasema yote mawili yako sawa kabisa. Nikafurahi. Nikasema nimepata mtu aliyenyooka! Nikakata.

Sasa limening'inia dukani, na wateja wanaliulizia.

Babu, Ndaki ameniambia. Anasema mwezi wa kumi na mbili alikupeleka hospitali, umelala kwenye siti mbili, na ulimkataza kusema. Kumbe hiyo ndiyo haraka ya mavuno. Nataka kuja, lakini nikifikiria kupita mbele ya wale wazee watano miguu inakataa. Nipe wiki chache. Koti nalifumua, nitakurekebishia wewe. Usinitumie vipimo.

Paskalia


Kasansa,
14 Juni 2025

Mke wangu,

Koti limefika. Bega la kushoto umelishusha kama nusu inchi, pale lilipoinamia mfuko wa madaftari miaka ishirini na sita. Hujanipima tangu bibi yako afariki. Nimelivaa nikakaa nalo nje mpaka jua likazama, na Libérat akasema nimependeza kama mtu anayekwenda kuiba kanisani.

Ni kweli, ni tumbo. Daktari alisema Desemba kwamba hakuna la kukata. Nilikuficha ili uolewe kwa furaha, nawe ukanificha kwamba hujawahi kumwona Edgar, ili nife kwa furaha. Tumefanya kama ile mashine yako.

Wazee hawakucheki. Mpunga unavunwa, na ukija utawakuta wanagombana juu ya magunia.

Nina ombi. Barua yangu kwa Edgar haijajibiwa na binadamu. Ijibu wewe. Unajua kazi ya mjukuu siku ya kumzika babu yake: wengine watalia, wewe utanitukana. Usije na maneno ya kufariji. Hayo yanapatikana kwenye simu.

Mkono umechoka. Usikawie.

Kassiani


Kasansa,
29 Juni 2025

Wewe Kassiani,

Leo sikuamkii.

Nimepanda basi la alfajiri, nimepita kwa wale wazee watano, na hakuna aliyecheka. Nimefika saa nne. Wewe umeondoka saa kumi na mbili. Mume gani anaondoka mke wake yuko njiani, basi halijafika hata Kibaoni? Hata dereva wa lori la mahindi alinisubiri nimalize barua.

Mzee mchoyo, mwenye meno manne! Miaka thelathini na mbili mke wangu, mke wangu, hata khanga moja hukuninunulia. Umenilipa kwa kalamu nyekundu. Shangazi anasema jana ulimeza vijiko viwili vya uji ukasahihisha Kiswahili cha mganga wa zahanati. Hukuweza hata kufa bila kueleza?

Umemuuliza Edgar ana nini ambacho wewe huna. Namjibia. Hana kitu. Hana shingo ya kobe, hana kohozi, hana hasira. Hajawahi kuketi mahali akinisubiri mpaka chakula kikapoa. Hana bega.

Mzee Libérat ananiita nje. Wajukuu wote tunatakiwa tukazuie jeneza mlangoni, na mimi ndiye mke mkubwa, nitaingia kaburini kwanza na kukataa kutoka.

Wamekuvisha koti. Barua hii naiweka kwenye mfuko wa ndani, ule niliouweka kwa ajili ya simu. Nimeikunja mara mbili, imeenea.

Usijibu upesi. Ukichelewa nitajua ni wewe.

Mkeo,
Paskalia